Kombe, samoni na ukuta wa mawe: jinsi Waswinomish walivyojipanga kukabili mabadiliko ya tabianchi

Tarehe 2 Oktoba 2007, Seneti ya kabila la Swinomish ilitoa tangazo rasmi kwamba mabadiliko ya tabianchi yanatishia ardhi, maji na maisha ya watu wake, na kwamba kabila litaanza kujiandaa mara moja. Seneti hiyo ina wajumbe 11. Inaongoza jamii ya Wenyeji Asilia wapatao elfu moja katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Wakati huo serikali kuu ya nchi hiyo ilikuwa imekataa kuridhia Itifaki ya Kyoto, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, na kabila dogo la wavuvi halikuona sababu ya kukaa kumngoja mkubwa abadili mawazo. Miaka miwili baadaye tathmini ya athari ilikuwa tayari. Oktoba 2010 ukatoka mpango kamili wa utekelezaji, mmoja kati ya mipango ya kwanza ya aina yake kuandikwa na kabila nchini Marekani.

Mipango ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi sasa iko mingi duniani, na mingi imelala kabatini. Huu haukulala. Kinachonivutia ni kwamba ulianza kwa kuhesabu nyumba, barabara na ekari, kama mipango mingi ifanyavyo, kisha kabila lenyewe likaona kwamba hesabu hiyo inaacha nje kitu ambacho bila hicho wao si Waswinomish tena. Kitu hicho ni kombe wa ufukweni, kiumbe wa magamba mawili anayeishi mchangani, na samaki aina ya samoni wa Mto Skagit, pamoja na kila kinachofanyika kati ya watu na viumbe hao. Kuanzia hapo mpango ulipata sura nyingine.

Haki isiyohama

Eneo la Swinomish liko kwenye Kisiwa cha Fidalgo, kama mwendo wa kilomita 100 kaskazini mwa Seattle, karibu kabisa na midomo ya Mto Skagit. Lina ukubwa wa takriban maili 15 za mraba. Humo mna ekari zipatazo 2,900 za ufuko ambao maji yakijaa huzama na yakipwa huwa wazi. Maji yamelizunguka karibu pande zote: upande mmoja Mlango wa Swinomish, upande wa pili Ghuba ya Skagit, na kaskazini Ghuba ya Padilla. Kwa watu wa kombe na samaki, hapo ni nyumbani hasa. Kwa watu wanaongoja bahari ipande, ni mahali pa hatari.

Januari 1855, kwenye Mkataba wa Point Elliott, mababu wa jamii hii na makabila jirani waliachia ardhi kubwa mno ya pwani ya Puget Sound, mkono wa bahari unaoingia ndani ya jimbo la Washington. Walichokataa kuachia ni haki ya kuvua katika maeneo yao ya siku zote. Mwaka 1873 amri ya rais wa Marekani ikachora mpaka wa kaskazini wa eneo lao kwa namna ambayo kabila linasema iliwanyang'anya March Point, rasi ambayo leo ina viwanda viwili vya kusafisha mafuta. Ukisimama upande wa kaskazini wa eneo la kabila, unaiona minara yake.

Jambo la msingi katika kisa hiki ni kwamba haki yao imefungwa mahali. Mkataba hausemi kwamba Mswinomish atavua samoni popote samoni atakapokuwa. Unasema atavua pale walipozoea kuvua. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila ya mkataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, na mwaka 1994 Jaji Edward Rafeedie akaongeza kombe na chaza katika haki hiyo. Ni ushindi uliopatikana kwa jasho, baada ya miaka ya wavuvi kukamatwa na nyavu zao kuchukuliwa. Lakini mahakama iligawa samaki waliopo mahali palipo. Maji yakipata joto na samaki wakasogea kaskazini, haki haiwafuati. Ufuko ukizama, huwezi kwenda kudai ufuko wa jirani. Mwenye duka anaweza kuhamisha biashara, na mkulima mwenye mtaji anaweza kununua shamba juu zaidi mlimani. Mswinomish hana pa kuhamia ambapo atabaki na haki ileile.

Kwa hiyo tusione ajabu kwamba kabila dogo lilitangulia. Halikuwa na njia nyingine.

Hesabu ya kwanza

Februari 2006, dhoruba kali ilisukuma maji ya bahari juu kupita kiwango cha kawaida na kufurika sehemu za chini za eneo la kabila. Watu waliona kwa macho yao maji yakifika mahali ambapo kwa kawaida hayafiki. Brian Cladoosby, aliyekuwa mwenyekiti wa kabila tangu 1997 hadi 2020, alilichukua jambo hilo kwa uzito. Baada ya tangazo la 2007 kabila lilipata ruzuku ya serikali kuu kupitia idara inayoshughulikia programu za Wenyeji Asilia, likaunda timu yake, na likawaita wanasayansi wa kundi la tabianchi la Chuo Kikuu cha Washington wawape makadirio ya joto, mvua na kina cha bahari.

Tathmini ya 2009 ilikuwa kazi safi ya kiufundi. Ilionyesha kwamba takriban ekari 1,100, kama asilimia 15 ya nchi kavu ya kabila, zinaweza kuingiliwa na maji ya bahari. Barabara kuu zinazoliunganisha eneo hilo na sehemu nyingine za nchi ziko chini, na zikifurika watu watabaki kisiwani kwa maana halisi. Misitu ya upande wa juu ilionekana kuwa katika hatari ya moto wa kiangazi. Thamani ya majengo ikawekwa kwa dola. Wanyama, mimea na mila vikapata sehemu yao pia, lakini hapo waandishi walikwama, na mtu yeyote aliyewahi kuandaa ripoti ya aina hii anajua kwa nini. Nyumba ina bei. Asubuhi ya bibi na wajukuu wakichimba kombe ina bei gani? Katika safu za jedwali iliwekwa maelezo, sio tarakimu, na maelezo ndiyo hukatwa bajeti inapobana.

Siwalaumu waandishi. Bila hesabu ile ya kwanza kabila lisingekuwa na ramani ya kuanzia, wala hoja ya kuwasilisha kwa wafadhili. Lakini ni vizuri tuone kwamba mpango ungeweza kuishia hapo: kuinua barabara, kuimarisha ukingo wa bahari kwa mawe na saruji, kubadili kanuni za ujenzi. Na hatua moja kati ya hizo, ule ukuta wa ukingo, ingewaua kombe waliokuwa wanatajwa kwenye utangulizi.

Ufuko unavyobanwa

Hili linataka maelezo kidogo, kwa sababu ndilo wapangaji wengi wa pwani hulipita haraka.

Ufuko wa asili husogea. Bahari ikipanda taratibu, mawimbi hula ukingo wa udongo ulio nyuma, mchanga na kokoto zinashuka, na ufuko unajijenga upya juu kidogo na ndani kidogo kuliko ulivyokuwa. Kombe, nyasi bahari na samaki wadogo wanaotaga kwenye kokoto wanapanda nao. Ukiweka ukuta nyuma ya ufuko ili nyumba isiliwe, umeufunga mlango. Bahari inaendelea kupanda kutoka mbele, ufuko hauna pa kwenda nyuma, na ule ukanda wa katikati ambao ni wa bahari kwa saa kadhaa na wa nchi kavu kwa saa kadhaa unazidi kuwa mwembamba hadi unatoweka. Nyumba imepona, kombe hakuna. Zaidi ya robo ya ukingo wote wa Puget Sound tayari ina kuta za namna hii, nyingi zikiwa za nyumba za watu binafsi wanaopenda kuitazama bahari.

Kwa kabila ambalo haki yake iko ndani ya ukanda huo mwembamba, ukuta wa jirani ni suala la mkataba.

Kwenye midomo ya Mto Skagit habari ni ileile kwa sura nyingine. Skagit ndio mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji Puget Sound, na aina zote tano za samoni wa Pasifiki huuingia. Mkubwa wao, Chinook, aliwekwa na serikali kuu kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1999. Kifaranga cha Chinook hakitoki mtoni moja kwa moja kwenda bahari kuu. Kwanza kinakaa kwa wiki, pengine miezi, kwenye mabwawa na mikondo midogo ya delta ambako maji matamu huchanganyika na ya chumvi. Humo kinakula, kinanenepa, na mwili wake unazoea chumvi. Kikifika baharini kikiwa kidogo, kinaliwa. Walowezi wa nusu ya pili ya karne ya 19 walijenga matuta kuzunguka delta hiyo ili wapate mashamba, na zaidi ya theluthi mbili ya makazi hayo ya vifaranga ilipotea.

Upande wa Mlango wa Swinomish, kabila lilianza kurekebisha kwenye ardhi yake lenyewe, mahali panapoitwa Smokehouse, hata kabla mpango wa 2010 haujaandikwa. Mikondo ya zamani ilikuwa imefungwa kwa malango ya maji. Lango la kawaida la aina hii ni mlango unaoning'inia kwenye mdomo wa bomba: maji yakipwa, maji ya shamba yanausukuma na kutoka; yakijaa, bahari inaubana na kuufunga. Shamba linabaki kavu, lakini kifaranga aliyekuja na maji kujaa anagonga mlango uliofungwa. Kabila liliweka malango ya namna nyingine, yenye boya. Lango hubaki wazi wakati maji yanapanda, yakifika kiwango kilichopangwa boya linaufunga mlango. Maji ya chumvi yanaingia ndani ya mikondo, vifaranga wanaingia nayo, na mazao hayafuriki. Kandokando ya mikondo ikapandwa miti na vichaka vya asili ili kuweka kivuli na kupoza maji.

Naipenda kazi hii kwa sababu haijifanyi kuwa imemaliza ugomvi kati ya mkulima na samaki. Imenunua muda tu. Mashamba yaleyale ya chini ni sehemu ya zile ekari 1,100, na siku ikifika ya kuamua kama yatetewe kwa tuta refu zaidi au yarudishwe kuwa mabwawa ya chumvi, kabila litakuwa limeshaona kwa miaka mingi jinsi maji yanavyotembea humo na viumbe gani wamerudi. Uamuzi utafanywa na watu waliokwisha kulizoea jambo.

Nani anapima, na anapima nini

Kazi iliyogeuza mpango, kwa maoni yangu, ilifanywa na watu wawili wa ndani: Jamie Donatuto, mchambuzi wa afya ya mazingira wa kabila, na Larry Campbell, mzee wa Swinomish. Tatizo lao la mwanzo halikuwa tabianchi. Lilikuwa sumu. Kombe na kaa wa maeneo fulani walikutwa na kemikali za viwandani, na ushauri wa kitaalamu ukawa ule wa siku zote: punguzeni kuwala. Kwa vipimo vya maabara, mtu asiyekula kombe hatari yake imeshuka. Kwa wazee wa Swinomish, mtu asiyekula kombe, asiyekwenda ufukweni, asiyepeleka fungu kwa jirani mgonjwa na asiye na cha kupika kwenye msiba, huyo afya yake imeshaharibika.

Wakakaa na watu wa jamii, wakasikiliza, wakatoka na vigezo sita vya afya kama Waswinomish wenyewe wanavyoielewa: mshikamano wa jamii, uhakika wa maliasili, matumizi ya kimila, elimu, kujitawala, na ustahimilivu. Kila kimoja kina vipengele vyake. Uhakika wa maliasili, kwa mfano, unauliza kama kombe wapo na wana ubora, kama mtu anaweza kuwafikia, na kama ni salama kuliwa. Elimu inauliza kama mafunzo yapo, kama wazee wapo wa kuyatoa, na kama vijana wapo wa kuyapokea.

Kisha vigezo hivyo vikapelekwa kwenye tabianchi. Pamoja na wanasayansi wa serikali kuu wanaochora mwendo wa mawimbi na mmomonyoko wa pwani, na pamoja na jamii ya Tsleil-Waututh ya upande wa Kanada, wakaweka ramani za miaka ijayo mbele ya watu. Hapa ndipo mawimbi yatakula, huu ndio ufuko utakaosalia. Sasa semeni: hili likitokea, mshikamano utakuwaje? Mafunzo yatakuwaje? Watu wakapiga kura kwa kila kigezo, kwa ngazi zinazoanzia hali njema hadi hali mbaya sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la kitaalamu.

Wengine watasema huko ni kupima hisia. Mimi naona ni kupima kitu sahihi kwa kipimo kinachokifaa. Ramani ya mawimbi peke yake ingesema fukwe mbili zitapoteza kiasi sawa cha ardhi, basi zina uzito sawa. Lakini ufuko mmoja unafikika kwa miguu, na bibi asiye na mashua huenda huko na wajukuu zake. Mwingine haufikiki ila kwa boti. Ukipoteza wa kwanza, umepoteza darasa. Tofauti hiyo haionekani kutoka angani.

Kabila likaandaa pia mtaala wake wa miezi kumi na mitatu ya mwandamo, unaofuata kalenda ya kale: mwezi gani samoni yupi anaingia, mwezi gani mmea gani unachumwa, wakati gani wa kuchimba. Msomaji wa Unguja, Lamu au Mafia hahitaji kufafanuliwa kwa nini watu wa pwani huhesabu mwezi kabla ya kuhesabu tarehe. Mtaala huo uko wazi kwa walimu wengine, na faida yake kwa mpango ni ya moja kwa moja: mtoto anayejua mwezi wa samoni atakuwa wa kwanza kugundua samoni amechelewa.

Juni 2021

Mwishoni mwa Juni 2021 hewa ya joto ilikaa juu ya Washington na British Columbia, jimbo jirani la Kanada, kama kifuniko cha sufuria. Seattle, mji ambao nyumba nyingi hazikuwa na kiyoyozi, ilifika nyuzi 42 za Selsiasi tarehe 28. Siku iliyofuata kijiji cha Lytton huko Kanada kilifika 49.6, rekodi ya nchi nzima.

Kilichofanya joto hilo liwe maangamizi ufukweni ni mwezi. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 24, na bamvua likafuata. Katika maji ya ndani ya Puget Sound, maji kupwa ya chini kabisa wakati wa kiangazi huangukia mchana. Wakati wa baridi huangukia usiku. Kwa hiyo siku za joto kali kuliko zote zilizowahi kupimwa, maji yalijitoa mbali kabisa na ufuko ukabaki uchi chini ya jua la saa sita. Kombe na chaza walipikwa pale walipo. Mtaalamu wa bahari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Christopher Harley, alikadiria kwamba viumbe wa baharini zaidi ya bilioni moja walikufa katika Bahari ya Salish, yaani maji ya ndani ya Washington na British Columbia, Puget Sound ikiwemo.

Wataalamu wa makabila, wa jimbo na wa vyuo, wakiwemo wa Swinomish, walikusanya ripoti za fukwe mbalimbali na kuzilinganisha. Pwani ya nje, inayotazamana na Pasifiki, haikuumia sana, kwa kuwa huko maji yalikupwa mapema asubuhi kabla jua halijapamba moto. Maji ya ndani ndiyo yaliyoumia zaidi. Aina zinazokaa juujuu ya mchanga ziliteketea zaidi, na zinazochimbia kina kirefu nyingi zilinusurika. Maelezo ya namna hii ni dhahabu kwa mpangaji. Yanamwambia kwamba kiumbe mmoja hawakilishi wote, na kwamba sentimita chache za mchanga wenye unyevu zinaweza kutenganisha uhai na kifo.

Ukuta wa mawe

Agosti 2022, mwaka mmoja na kidogo baada ya joto lile, watu wa Swinomish na marafiki zao walijipanga mstari kwenye ufuko wa eneo lao wakapokezana mawe mkono kwa mkono. Walikuwa wanajenga bustani ya kombe, inayoaminika kuwa ya kwanza kujengwa Marekani katika zama hizi.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Kwenye Kisiwa cha Quadra, British Columbia, watafiti wameonyesha kwamba bustani hizo zilikuwepo angalau miaka 3,500 iliyopita. Unajenga ukuta mfupi wa mawe, sambamba na ufuko, kwenye mstari ambao maji hufika yakipwa sana. Mawimbi yanaleta mchanga, kokoto na vipande vya makombe, ukuta unavizuia, na nyuma yake ufuko uliokuwa na mteremko unageuka kuwa tambarare. Utambarare huo ndio siri. Kombe wanastawi kwenye kina fulani tu. Kwenye mteremko mkali kina hicho ni ukanda mwembamba, kwenye tambarare ni uwanja. Wenye bustani huondoa mawe makubwa, huchimbua mchanga upate hewa, hurudisha vipande vya makombe ili mbegu za kombe zipate pa kushika. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu bustani za kale za Quadra ulikuta kombe wa aina ya Saxidomus gigantea mara nne zaidi kuliko kwenye fukwe zisizo na kuta, na wale wadogo wa Leukoma staminea zaidi ya mara mbili.

Tazama unavyotofautiana na ukuta wa saruji nyuma ya ufuko. Ule unamfungia kombe nje, huu unampanulia uwanja. Ule ukimalizika kujengwa kazi imekwisha, huu unataka watu warudi kila msimu. Bahari ikipanda, unaweza kuongeza safu ya mawe. Na mawe yenyewe ni makazi: mwani, kaa, majongoo bahari na pweza hujificha humo.

Pamoja na hayo, hata kwenye ardhi yake mwenyewe kabila haliwezi kurundika mawe baharini bila utaratibu. Sheria ya Marekani inataka kibali cha Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi kwa ujenzi wowote wa namna hiyo kwenye maji ya bahari. Sheria hizo ziliandikwa kuzuia watu kufukia pwani, na hazikumfikiria mtu anayejenga ili kombe wazaliane. Kwangu hili ni fundisho kubwa la kiutawala katika kisa kizima: mbinu ya mababu ikirudi, inakuta dunia ya vibali ambayo haina fomu yake.

Kazi nyingine za kabila zinakwenda sambamba. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 idara ya uvuvi imekuwa ikirudisha chaza wa asili, Ostrea lurida, chaza pekee wa kienyeji wa pwani hiyo ya magharibi, aliyekaribia kumalizwa na uvunaji na uchafuzi. Tangu 2018 imeshiriki kuongoza mtandao wa utafiti wa kaa, ambapo mitego ya taa hutegwa usiku kuhesabu viluwiluwi wa kaa wanaoingia, ili kabila lijue mapema miaka ijayo itakuwaje badala ya kushangaa mitego ikitoka mitupu.

Yasiyofikiwa na ukuta

Ukuta wa mawe haupozi bahari. Wala hauondoi tindikali. Bahari inayomeza hewa ya ukaa inageuka kuwa na tindikali zaidi, na kombe mchanga anashindwa kujenga gamba. Kati ya 2005 na 2009, vituo vya kuzalisha chaza vya Washington na Oregon vilipoteza mabilioni ya viluwiluwi kabla sababu haijajulikana. Kombe wa bustani wanakunywa maji hayohayo.

Juu ya mto nako kabila halina amri. Mabwawa makubwa ya umeme kwenye Mto Skagit wenyewe ni mali ya mji wa Seattle. Barafu ya milima ya North Cascades, inayoupa mto maji baridi mwishoni mwa kiangazi, inayeyuka bila kuuliza mpaka wa mtu. Makalvati ya barabara za jimbo yalikuwa yamewafungia samoni njia kwa miongo mingi, na makabila 21, Swinomish wakiwemo, yakalazimika kwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika kura nne kwa nne, na kwa hivyo hukumu ya chini ikasimama: haki ya kuvua inalitaka jimbo lisizibe njia ya samaki. Amri ililipatia jimbo muda hadi 2030 kufungua sehemu kubwa ya makazi yaliyozibwa. Kama mpango wa tabianchi ungesomwa peke yake, hutaiona kesi hiyo ndani yake. Lakini samoni atakayepanda kijito baridi mwaka 2031 atakuwa amepandishwa na mawakili na wanabiolojia kwa pamoja.

Na kuna suala la muda. Ruzuku nyingi za serikali kuu hudumu miaka miwili au mitatu. Saxidomus gigantea huchukua miaka kadhaa kufikia ukubwa wa kuvunwa, na anaweza kuishi zaidi ya ishirini. Ripoti ya ruzuku itataka matokeo kabla kombe wa kwanza waliotulia nyuma ya ukuta hawajafaa kuliwa. Kabila limeikabidhi bustani kwa idara yake lenyewe ya uvuvi, na watu wake ndio wanaokwenda kupima maji yakipwa: joto la mchanga, mteremko, idadi na ukubwa wa kombe. Ukuta ulijengwa 2022, na kwa kombe wa aina hiyo huo bado ni utoto.